Kabla hujatia sahihi mkataba wa Marekani, uliza jina la mji

Ukitaja "majuu" hapa Pwani, wengi wetu tunafikiria Jeddah, Doha au Muscat. Ukitaja neno hilo Keroka, pale mpakani mwa Kisii na Nyamira, msikilizaji wako anafikiria Minnesota. Ana sababu. Brooklyn Park na Brooklyn Center, miji iliyo karibu na Minneapolis, imejaa Abagusii, na Ekegusii husikika madukani na kanisani.

Siku hizi wauguzi wetu nao, wenye diploma na digrii, wamekuwa wakiniuliza kuhusu njia hiyo. Niwaeleze kile ambacho mawakala hawakitilii mkazo: mara nyingi kazi yenyewe haiko Minneapolis wala Dallas. Iko kwenye mji wa watu 800, wenye kituo kimoja cha mafuta, duka la Dollar General, makanisa matatu na makao ya wazee.

Sababu ni rahisi. Vijana wa miji hiyo wamehamia mijini kwenye vyuo na kazi, wamebaki wazee, na wazee wanahitaji kuhudumiwa usiku na mchana. Tangu 1997 serikali ya Marekani ina utaratibu maalumu wa kuzisaidia hospitali ndogo za mashambani zisifungwe: kitanda kisizidi 25, na kwa kawaida hospitali nyingine iwe zaidi ya kilomita 50 kutoka hapo. Ziko zaidi ya 1,300. Wamarekani wenyewe hawazikimbilii. Kwa hiyo muuguzi aliyefaulu mtihani wa NCLEX huandikiwa viza ya ajira, akaja na mume au mke na watoto, na grinikadi yake ikawa halali. Kwa hilo amempita mbali dada yetu anayekwenda Ghuba chini ya kafala.

Sasa fikiria mtu aliyetoka Kisii. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita moja ya mraba katika kaunti hiyo. Huko shamba la jirani liko mlangoni mwako, na ukikohoa usiku kuna anayesikia. Jimbo zima la North Dakota, kubwa karibu theluthi moja ya Kenya, halikufika watu 800,000 katika sensa ya 2020. Kaunti ya Kisii peke yake inalishinda kwa mbali.

Hakuna matatu wala boda. Bila gari huendi kazini, na gari lenyewe uliendeshe kwenye theluji, alfajiri, baada ya zamu ya saa 12, huku paa wakikatiza barabara. Nyumba za kupanga ni chache ingawa bei yake ni nafuu, na hapo ndipo pesa inapobaki mfukoni. Watu si wabaya. Wanakupungia mkono barabarani, na wiki ya pili wote wanajua wewe ni nani na gari lako ni lipi. Wengine hupenda utulivu huo na shule zake, wakanunua nyumba wakakaa.

Tatizo kubwa ni kwamba mwajiri ni mmoja. Ukikosana na msimamizi Mombasa, utatafuta hospitali nyingine ng'ambo ya barabara. Kule, hospitali nyingine iko mwendo wa saa nzima, na mkataba wako unaweza kuwa na kipengele cha kukutoza ukiondoka mapema. Mwaka 2023 Wizara ya Kazi ya Marekani iliishtaki kampuni moja ya Brooklyn, New York, ikidai inawataka wauguzi wa kigeni wafanye kazi miaka 3 ama wailipe faida ambayo ingeipata kwa jasho lao. Kipengele hicho kisome mara mbili, na umpe wakili akisome.

Wakisii wamelipunguza tatizo hili kwa ukoo. Kabla mtu hajatia sahihi, binamu aliyetangulia hupigiwa simu aulizwe mji ule ukoje. Mgeni hufikia kwa ndugu, husaidiwa kupata gari la mkono wa pili, na Jumamosi huenda ibada ya Wasabato pamoja na wenzake hata kama ni mwendo wa saa tatu. Akimaliza muda wa mkataba, wengi humvuta awafuate mjini.

Sisi wa Pwani bado hatuna mnyororo huo Marekani. Ndiyo maana muuguzi wa Kilifi au Lamu lazima aulize mwenyewe. Mji unaitwaje? Nani ananipokea uwanja wa ndege, na gari nitalipata vipi mwezi wa kwanza? Je, zamu itaniruhusu kuswali, maana Desemba kaskazini mwa Marekani magharibi huingia karibu saa kumi na moja jioni, ukiwa katikati ya kazi?

Na lipo la mauti, tusilikwepe. Mkisii akifia huko, wenzake huchanga ili mwili urudi uzikwe kwenye ardhi ya baba yake. Sisi tunataka kuoshwa na kuzikwa haraka, na kwa hilo unahitaji Waislamu walio karibu. Muulize wakala msikiti uko kilomita ngapi. Asipojua, fungua ramani kwenye simu yako hapo hapo mbele yake.