Kompyuta ikitekwa na kirusi cha fidia: namna ya kukitoa, kuokoa faili na kujikinga

Asubuhi kompyuta ya steshenari inawaka kama kawaida. Picha ya mbele ipo, saa ipo, programu zote zipo. Kimbembe kinaanza pale mteja anapoulizia cheti chake kilichoskaniwa wiki iliyopita. Faili ipo, ila imegeuka alama ya karatasi nyeupe tupu, na mwisho wa jina pameongezeka herufi nne ambazo hakuna aliyeziandika. Ukiibonyeza inagoma. Ya pili nayo hivyo hivyo. Barua, CV, picha za harusi, hesabu za duka, zote zimegoma. Na katika kila folda imekaa faili moja ndogo ya maandishi inaitwa _readme.txt, inasema: faili zako zimefungwa, lipa dola upewe ufunguo.

Hicho ndicho kirusi cha fidia, wengine wanakiita ransomwea. Hakiharibu kompyuta na wala hakifuti faili. Kinazifunga kwa hesabu ngumu kiasi kwamba bila ufunguo sahihi hazisomeki, kisha kinadai hela. Kwa kifupi ni utekaji, isipokuwa aliyetekwa ni kazi yako.

Kwa mtu wa Lingeka au Bariadi mjini hili si jambo la mabenki ya ng'ambo tu. Kompyuta moja ya steshenari inabeba mambo ya watu wengi: vyeti vya kuzaliwa vya wanaoomba mkopo wa HESLB, maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya vikundi, mitihani ya shule, mahesabu ya chama cha msingi wakati wa msimu wa pamba. Ikitekwa hiyo moja, wanaoumia ni wengi, na wengi wao hawana nakala nyingine popote.

Kilianzia kwenye diski, na Nairobi imo ndani

Kirusi cha fidia cha kwanza kinachojulikana kilitoka Desemba 1989, hata intaneti haijafika kwa watu wa kawaida. Disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwenda nchi mbalimbali, wakiwemo watu waliowahi kuhudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Juu zilijieleza kuwa zina taarifa za ugonjwa huo. Kumbe ukishaiweka, kompyuta ikiwashwa mara 90 au hivi, majina ya faili yanavurugwa na skrini inadai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta Panama.

Aliyeshtakiwa alikuwa Joseph Popp, Mmarekani, msomi wa elimu ya viumbe aliyewahi kufanya utafiti wa nyani Afrika Mashariki. Vituko vyake vilianza kuonekana uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, akiwa safarini kurudi kwao kutoka kwenye semina ya UKIMWI Nairobi. Baadaye mahakama Uingereza ilimwona hana akili timamu ya kusimama kizimbani. Kufuli lake lilikuwa dhaifu, wataalamu wakatengeneza dawa haraka. Waliomfuata hawakufanya kosa hilo.

Dunia nzima ilishtuka Mei 12, 2017, kilipoingia kirusi kilichoitwa WannaCry. Ndani ya siku chache kilikamata kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikidai dola 300 kwa kila moja, na hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Cha kuuma ni kwamba Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha tundu hilo tangu Machi. Waliopigwa ni wale ambao hawakusasisha.

Jirani yetu Kenya, Aprili 2023, maduka makubwa ya Naivas yalitangaza kwamba yameshambuliwa na kirusi cha aina hii na kwamba wahalifu walifikia sehemu ya data zake. Huo ndio mtindo wa sasa kwa makampuni: wanaiba kwanza, wanafunga baadaye, halafu wanatishia kumwaga hadharani. Kuwa na nakala pembeni kunarudisha kazi, ila hakurudishi siri iliyokwisha kuibwa.

Kinachowapata watu wa kawaida

Steshenari na nyumbani mara nyingi mgeni si hao wakubwa. Ni ukoo uitwao STOP, au Djvu, ulioanza kuonekana 2018 na umezaa matoleo mengi mno, kila moja na herufi zake za mwisho. Huyu anastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu njia anayoingilia ni ile ile tunayoipenda: vya bure.

Mtu anataka Photoshop au Office bila kulipa. Anatafuta kraki, yaani programu ya kuvunja kufuli la leseni. Ukurasa unamwambia azime antivairasi kwanza, "ni kawaida tu", na anaizima. Anafungua faili. Mara nyingine linatokea dirisha linalofanana na Windows inayojisasisha, asilimia zinapanda taratibu, naye anasubiri kwa utulivu. Hakuna kinachosasishwa hapo. Ndio muda ambao faili zake zinafungwa.

Kirusi hiki pia huzuia kompyuta isifungue tovuti za msaada, na mara nyingi huja na mwenzake anayeiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Ujumbe wake kwa miaka mingi ulidai dola 980, na nusu yake, dola 490, kwa atakayewahi ndani ya saa 72. Kwa hela ya madafu hiyo nusu peke yake ni zaidi ya milioni moja. Kuna steshenari ambazo mashine, printa na meza kwa pamoja hazifiki hapo.

Njia nyingine za kuingilia zipo: kiambatisho cha barua pepe kinachojifanya ankara, flashi inayozunguka mtaa mzima, au kompyuta iliyoachwa wazi kuongozwa kutoka mbali kwa nywila kama 123456. Ila kraki inaongoza kwa mtumiaji wa kawaida, na mafundi wanaopiga Windows kwa haraka wanalijua hilo hata kama hawalisemi.

Dakika za kwanza

Kama faili bado zinageuka moja baada ya nyingine, kompyuta izimwe hapo hapo kwa kushikilia kitufe cha kuwashia. Faili iliyookolewa kwa kuzima ghafla ina thamani kuliko adabu ya kuzima taratibu. Kama imeshamaliza kazi yake, kata intaneti: zima Wi-Fi, chomoa modemu, zima hotspoti ya simu. Chomoa flashi na hadi diski ya nje. Flashi hiyo isichomekwe kwenye kompyuta nyingine "kuangalia tu".

Kisha piga picha ya ujumbe wa wahalifu kwa simu, namba ndefu ya utambulisho ionekane vizuri. Usibadilishe majina ya faili kwa kufuta zile herufi za mwisho, haisaidii kitu. Na hapa ndipo wengi wanapopoteza kila kitu: fundi anasema "tuipige upya", diski inafutwa, jioni ndipo mtu anakumbuka kwamba faili zilizofungwa huenda zingefunguka baadaye. Kabla ya kupiga upya, nakili faili zote zilizofungwa pamoja na ule ujumbe kwenye diski ya pembeni. Faili iliyofungwa yenyewe haiambukizi. Kinachoambukiza ni programu iliyoifunga.

Kukitoa ni kazi moja, kufungua faili ni nyingine

Watu wanachanganya mambo haya mawili. Antivairasi nzuri inaweza kukitoa kirusi, hata ile ya Windows yenyewe, Microsoft Defender, ambayo ina namna ya kukagua kompyuta kabla Windows haijawaka kikamilifu. Baada ya hapo kompyuta ni safi, lakini faili zinabaki zimefungwa. Mwizi ameondoka, kufuli lake bado liko mlangoni.

Njia salama kabisa ya kukitoa ni kunakili faili zilizofungwa pembeni, kufuta diski yote, kisha kuweka Windows halisi kutoka kwa Microsoft. Baada ya hapo badilisha nywila za barua pepe, Facebook, benki na vinginevyo, na ibadilishiwe kwenye simu au mashine nyingine iliyo safi. Wengi wanasahau hatua hii, wiki mbili baadaye akaunti inaanza kuomba watu hela.

Kuhusu kufungua faili, kuna mahali pa kuanzia pasipo na malipo. Mradi wa No More Ransom ulianzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za Kaspersky na McAfee. Mtu anapakia faili moja iliyofungwa pamoja na ujumbe, tovuti inataja aina ya kirusi na kusema kama ufunguo upo. Unaweza kufanya hivyo kwa simu, ila faili ya kupima isiwe na siri za watu.

Kwa ukoo wa STOP, kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo cha bure Oktoba 2019 kinachoshughulikia matoleo 148 ya zamani. Kwa matoleo mapya inategemea. Kirusi kikipata mtandao wakati wa kufunga, kinachukua ufunguo wa peke yake kutoka kwa wenyewe, na hapo faili hazifunguki bila huo ufunguo. Kikikosa mtandao, kinatumia ufunguo wa akiba ambao unawahusu watu wengi, na ukipatikana kwa mmoja unaweza kuwafaa wengine wa toleo hilo hilo. Dalili yake: namba ya utambulisho inaishia na t1. Kwa hiyo bando lililoisha siku hiyo linaweza kuwa ndilo lililomwokoa mtu.

Kuna mwanya mwingine. Kirusi hiki, ili kiwahi, hufunga kilobaiti 150 hivi za mwanzo tu za kila faili. Barua ya ukurasa mmoja inakwisha yote. Lakini video ya harusi yenye gigabaiti mbili imeguswa kichwa tu, na zipo programu za bure za kurekebisha video kama kuna video nyingine nzima iliyopigwa kwa kamera ile ile. Faili za zip nazo mara nyingi hutoa sehemu kubwa ya vilivyomo.

Je, kulipa? Anayelipa anamtegemea mwizi awe mwaminifu, na hakuna pa kudai risiti. Wapo waliolipa wakapewa ufunguo, wapo waliolipa wakaongezewa bei. Wabaya zaidi ni wale wanaojitokeza Facebook na WhatsApp wakidai "nafungua aina zote, tuma nusu kwanza". Kama ufunguo wa mtu mmoja haupo kwa Emsisoft wala No More Ransom, huyo wa WhatsApp hana pia. Ni utapeli wa mara ya pili juu ya jeraha lile lile.

Kutoa taarifa kunawezekana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingilia na kuharibu data za mtu kuwa kosa, na polisi wanapokea malalamiko. TCRA nayo ina kitengo cha TZ-CERT kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mitandao. Kwa ofisi, shule na wenye biashara kuna jambo la ziada: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Lundo la vitambulisho vya wateja kwenye desktop limo humo. Dawa nyepesi ni kufuta cheti cha mteja baada ya kuchapa.

Kinga isiyohitaji hela nyingi

Nakala ndiyo kila kitu, na nakala inayobaki imechomekwa muda wote si nakala. Kirusi kinaifunga nayo. Hadi diski ichomekwe Ijumaa jioni, faili zinakiliwe, ichomolewe, ikae kabatini au nyumbani. Zilizo muhimu kabisa ziwe pia Google Drive. Gigabaiti 15 za bure zinatosha barua na vyeti vingi sana.

Windows isasishwe, hata kama inakula bando. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi mitaani bado ziko hapo, nyingine ziko Windows 7. Asiyeweza kununua Office atumie LibreOffice, ni ya bure kihalali na inafungua faili za Word. Hii peke yake inaondoa sababu kubwa ya kutafuta kraki.

Kwenye Windows Security kuna sehemu iitwayo Ransomware protection. Ukiiwasha, programu ngeni haiwezi kugusa folda za Documents na Pictures bila ruhusa. Mwanzoni inakera, maana inazuia hata programu halali, ila unaziruhusu moja moja. Pia washa uonekano wa miisho ya majina ya faili, ili faili inayoitwa ankara.pdf.exe ijulikane mapema kuwa si PDF.

Simu nazo zinatekwa, ingawa kwa namna nyingine: mara nyingi skrini inafungwa na onyo la uongo la polisi. Chanzo ni APK zilizotumwa kwenye magrupu nje ya Play Store. Simu nyingi za Android zikiwashwa kwa hali ya usalama programu hiyo hailali tena juu ya skrini, unainyang'anya mamlaka ya msimamizi kwenye mipangilio, kisha unaiondoa.

Na flashi ya mteja? Ikaguliwe na antivairasi kabla ya kufunguliwa, hata foleni ikiwa ndefu. Au mteja atume faili kwa WhatsApp ya duka, kama steshenari nyingi zinavyofanya sasa.