Sumu mtaani: nani huitwa mhalifu?

Mtu akikamatwa na gunia la mkaa usio na kibali, haraka hujikuta kizimbani. Kiwanda kikimwaga sumu mtaani, mara nyingi husikii neno "uhalifu". Utasikia "uzembe", "ukiukaji wa kanuni" au "mgogoro na wakazi". Kwa nini?

Wanasosholojia wameliuliza swali hili kwa miaka mingi. Mwaka 1939 Mmarekani Edwin Sutherland alisema makosa ambayo watu wenye hadhi huyafanya katika kazi zao ni uhalifu pia, ila aghalabu hupelekwa kwa mamlaka za usimamizi badala ya mahakama za jinai. Ndiyo maana wahusika hawaonekani kuwa wahalifu.

Swali la pili ni nani anayeumia. Mwaka 1979 Robert Bullard alichunguza jiji la Houston, Marekani. Aligundua kuwa madampo yote 5 ya jiji yalikuwa katika mitaa ya watu weusi, ingawa wao walikuwa takriban robo tu ya wakazi. Takataka zilipelekwa kwa wasio na sauti.

Sasa tuje Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, wenye wakazi wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi mwaka 2007. Moshi na maji yake machafu yalibeba madini ya risasi, sumu inayoweza kudhuru ubongo wa mtoto na isiyoonekana kwa macho. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, aligundua kuwa hata mwanawe ana sumu hiyo mwilini. Akaanza kupaza sauti.

Mwaka 2012 Omido alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, kisha mahakama ikamwachilia huru. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Hapa ndipo hoja ya wanasosholojia inapoonekana wazi: mlalamikaji alifika kizimbani kabla moshi haujazimwa.

Wakazi walikwenda mahakamani wakidai haki ya mazingira safi, inayolindwa na Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na mzigo huo ukaziangukia pia taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Fidia haiondoi risasi iliyokwisha kuingia mwilini. Lakini uamuzi huo una funzo kubwa: aliyetoa kibali na kufumba macho naye anawajibika. Kwa hiyo, ukisikia tena habari za "uzembe" wa kiwanda fulani, jiulize mambo mawili. Nani kachagua neno hilo? Na nani anaishi upande unakoelekea moshi?