Satelite inaona rangi ya Ziwa Kivu, haioni kolera

Asubuhi mama wa Mugunga anashuka ziwani na bidoni ya litri 20. Maji yanaonekana safi. Huko juu, kilomita 786 hivi, satelite inapita na kupiga picha ya maji hayo hayo. Je, inaweza kumwambia kama yanafaa kunywa?

Hapana. Lakini kuna mambo mengine inaweza kusema.

Satelite za Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, zinapita mahali pamoja kila siku 5 hivi, na picha zake ni za bure. Zinachopima ni mwangaza wa jua unaorudi kutoka majini. Maji safi yenye kina yanarudisha rangi ya buluu. Mwani ukiwa mwingi, kijani kinazidi. Wakaaji wa Mugunga wanajua hiyo bila mashini, maana Lac Vert iko hapo karibu na jina lake linatosha. Udongo ukishuka na mvua, maji yanakuwa ya kahawia, na doa linaonekana toka juu. Joto la uso wa maji linapimwa pia, na satelite zingine kama Landsat. Kwenye Ziwa Victoria, njia hii ilisaidia kufuata magugu-maji yaliyoziba ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, miaka ya 1990.

Shida inaanzia kwenye ukingo, pale pale watu wanapochota. Nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10, basi jiwe jeusi la volkano na maji vinachanganyika ndani yake. Tena msimu wa mvua, wakati uchafu wa mitaa unateremka ziwani, mawingu yanafunika kila kitu. Na hata siku ya jua, hesabu ya kompyuta inabaki kukisia mpaka mtu aende na mtumbwi, achote maji, ayapime.

Halafu kuna kolera yenyewe. Kijidudu chake hakina rangi ya kuonekana toka angani. Julai 1994, wakati Mugunga ilijaa wakimbizi toka Rwanda, maelfu walikufa Goma kwa ugonjwa huo, na wengi walikuwa wanakunywa maji ya ziwa. Picha nzuri ya buluu isingewaonya.

Kwa hiyo yule kijana anayesimama ziwani na sindano ya klore, akitia dawa katika kila bidoni, bado ana kazi.