Homa ya mtoto mwenye saratani haingoji asubuhi

Tuseme wewe ni mama unayeishi Kamere, kando ya Ziwa Naivasha. Wiki iliyopita ulimtoa mwanao hospitalini alikotiwa dawa za saratani. Leo, saa nne usiku, mwili wake ni moto. Hakohoi wala haharishi, hana hata kijipu. Jirani anakwambia hiyo ni malaria, mpe Panadol mlale.

Usilale, mzazi.

Dawa za saratani haziui ugonjwa pekee. Hupunguza pia chembechembe nyeupe za damu, askari wa mwili, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya matibabu. Hapo viini ambavyo siku zote huishi kinywani, tumboni na kwenye ngozi ya mtoto mwenyewe hupata njia ya kuingia katika damu. Mpira wa dawa ulioachwa mshipani ni mlango mwingine. Na kwa kuwa usaha hutokana na chembechembe hizo hizo, zikiisha hakuna usaha wala uvimbe wa kukuonya. Homa huwa dalili ya pekee.

Pima joto kwapani, kamwe si njia ya haja kubwa, na upime kabla ya Panadol, kwa maana Panadol hushusha joto na kuacha viini vikizaana. Likifika nyuzi 38, ondokeni.

Jirani hakukosea kabisa. Wengi wa Kamere walitoka Nyanza na Magharibi kutafuta kazi katika mashamba ya maua, na watoto huenda huko likizoni. Malaria ipimwe, lakini isicheleweshe dawa nyingine. Huko ndiko pia uliko uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Uvimbe huo husikia dawa vizuri sana. Inauma uyeyuke, kisha mtoto afe kwa homa ya siku mbili!

Mkifika hospitalini, usipange foleni kimya. Toa kadi useme, "Mtoto huyu anatumia dawa za saratani." Atolewe damu ya kuoteshwa maabara, kisha adungwe antibaiotiki mshipani ndani ya saa moja, bila kungoja majibu ambayo huchukua siku kadhaa.

Ziwani viboko hutoka usiku kula nyasi, kwa hiyo safari ya miguu haifai. Patana na mwenye gari siku ile ile mnayorudi nyumbani, na nauli ya kufika Naivasha mjini iwekwe kando, isiguswe hata unga ukiisha.