Chura Aliyeishi kwa Manyunyu

Wanangu, sogeeni. Mwenye sarafu ya shilingi mia aitoe, aiweke kiganjani. Sasa mfikirieni chura wa rangi ya manjano aliyeketi juu yake. Msidhani ni mtoto, amekwisha komaa. Huyo ndiye chura wa Kihansi.

Kwao ni korongo moja tu duniani kote, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania. Mto Kihansi ulikuwa ukifika ukingoni pale na kujitupa chini kwa kishindo, poromoko baada ya poromoko. Maji yakigonga mwamba yalivunjika yakawa manyunyu, na upepo ukayatawanya juu ya nyasi na mawe, usiku na mchana, masika na kiangazi. Palipoloweshwa hapakuzidi sana hekta 2, kama viwanja vitatu vya mpira. Chura wetu hakuwa wa mtoni, wala hakuwa wa msitu mkavu ulio jirani. Aliishi ndani ya manyunyu.

Na hatagi mayai. Vyura mnaowajua hutaga dimbwini, wakatoka viluwiluwi. Huyu huzaa watoto wenye miguu tayari, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba mno. Mama akiwa na mimba, mnaweza kuwaona wanawe humo ndani, kama vivuli nyuma ya pazia.

Watafiti walimkuta mara ya kwanza mwaka 1996. Wakati huo ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umekwisha kuanza.

Msiwafikirie wajenzi kuwa watu wabaya. Waulizeni wazazi wenu habari za mgao wa umeme wa miaka ya 1990, ukame ulipokausha mabwawa na miji ikalala gizani. Nchi ilihitaji umeme, na Kihansi ilikuwa na maji yanayoshuka mita 850 hivi. Basi mto ukazibwa juu, maji yakapitishwa kwenye handaki ndani ya mlima hadi kwenye mitambo iliyofichwa chini ya ardhi. Megawati 180. Ila maji yaliyoingia handakini hayakupita tena kwenye maporomoko. Kati ya ndoo kumi, tisa zilichukuliwa. Kishindo kikafifia, manyunyu yakakatika, nyasi zikaanza kukauka.

Hapo ndipo wataalamu walipohangaika. Walitandaza mabomba korongoni, yenye vichwa vya kunyunyizia, wakitumia mteremko wenyewe kusukuma maji. Na mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walisafirishwa kwa ndege hadi Marekani, kwenye bustani za wanyama, wakatunzwe huko. Wengi walikufa. Ilifika mahali wakabaki 70 hivi, na wahudumu wakawa wanajifunza siku kwa siku wale nini, waangaziwe taa gani.

Mabomba yalisaidia. Kufikia katikati ya mwaka 2003 vyura korongoni walikuwa wamekaribia 20,000. Kisha, katika miezi michache tu, wakapukutika. Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu. Ugonjwa wa fangasi ulikuwa umeingia, ule unaoshika ngozi. Na chura hunywa kwa ngozi, hupumua kwa ngozi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo tena.

Lakini kabla sijawarudisha kwa chura, pandeni nami juu ya bwawa, upande wa Mufindi. Huko kuna wakulima wenye vinyungu, vile vibustani vya bondeni vinavyolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki udongoni. Mahindi mabichi, maharage, mboga. Kinyungu kinalisha nyumba wakati ghala limepungua, na kinanunua madaftari. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na mto unaihitaji sheria hiyo. Hata hivyo, mfikirieni mama ambaye kinyungu chake chote kimo ndani ya hizo mita 60. Akiambiwa aache kulima ili mitambo isikose maji, yeye ndiye anayelipia taa ya mtu aliye mbali. Naona ni haki wenye taa wamlipe. Na naona ni haki, kabla ya kuchimba popote, mtu ashuke korongoni kwanza, apige magoti kwenye nyasi, atazame ni nani anaishi pale. Kihansi swali hilo liliulizwa wakati zege limekwisha kumwagwa.

Wale vyura wa ughaibuni walizaa. Kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, vizimba vilijaa watoto. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Tanzania, hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazoeshwa kwenye vyumba vya vioo. Mwaka 2012 zaidi ya 2,000 walipelekwa korongoni. Hebu mfikirieni mmoja wao, aliyezaliwa kwenye kizimba na wazazi waliozaliwa kwenye kizimba, akiwekwa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi za Kihansi. Anashika jani kwa vidole vyembamba kama uzi. Jani limelowa. Juu yake, bomba linarusha maji.