Panga, risasi na mtoto wa miaka 16
(Sehemu ya Pili)

Septemba 2022, siku chache baada ya mwanafunzi wa chuo kuuawa na vijana wa mapanga huko Kawe, polisi wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam walitangaza kuwa watuhumiwa sita wa Panya Road, makundi ya vijana wanaopora kwa mapanga, wameuawa katika mapambano na askari. Watu wengi walishangilia, na sioni sababu ya kuwashangaa. Aliyewahi kuvunjiwa mlango usiku na kundi la vijana wenye mapanga na nondo, watoto wake wakiwa wamejificha uvunguni, hana hamu ya kusomewa vifungu vya sheria asubuhi yake.

Wiki iliyopita tulieleza makundi hayo yalivyozuka na jinsi jiji zima lilivyojifungia ndani jioni ya Januari 2, 2015, baada ya vijana kutoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi. Leo tunaingia kwenye swali gumu zaidi: askari anapokutana uso kwa uso na kijana mwenye panga barabarani, sheria inamruhusu kufanya nini? Na umri wa kijana huyo unabadili chochote?

Wapo watakaosema hayo ni ya Dar es Salaam. Jina ni la Dar es Salaam, ndiyo. Lakini tazama Dodoma inavyokwenda. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Mitaa imefika Nzuguni, Iyumbu na Nkuhungu kabla taa za barabarani hazijafika, na kabla majirani hawajajuana majina. Vijana wanashuka stendi ya Nanenane kila siku wakitokea Kondoa, Mpwapwa, Bahi na Manyoni kutafuta kibarua ambacho wengine hawakipati. Mji wa namna hii haungoji kundi lipewe jina ndipo ukae na polisi wake na kukubaliana mambo.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema, kwa maneno yangu, kwamba anayekamata mtu asitumie nguvu kuzidi zile zinazotosha kumkamata au kumzuia asitoroke, wala asimdhalilishe kupita kiasi. Kisha inaongeza jambo zito: askari asifanye kitendo kinachoweza kumuua au kumjeruhi vibaya anayekamatwa, isipokuwa ana sababu za msingi za kuamini kuwa kitendo hicho kinahitajika kuokoa maisha au kumwepusha mtu mwingine na madhara makubwa. Sheria ya Jeshi la Polisi, ambayo mizizi yake ni ya ukoloni, ina mlango mpana zaidi. Inataja silaha dhidi ya mtuhumiwa wa kosa kubwa anayetoroka mikononi mwa dola, dhidi ya anayekuja kumkomboa kwa nguvu, na dhidi ya anayezuia ukamataji kwa nguvu. Hata hapo imeweka masharti: pasiwe na njia nyingine, na mtu aonywe kwanza kuwa silaha itatumika.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinafuata mstari uleule na kuukaza: risasi ni kwa ajili ya kulinda uhai, na ya kuua kwa makusudi iwe pale tu ambapo uhai hauwezi kulindwa vinginevyo.

Angalia sheria zote hizo zinachouliza. Haziulizi huyu kijana ni mbaya kiasi gani, wala mtaa unamchukia kiasi gani, wala jana usiku alifanya nini. Zinauliza: sasa hivi, mbele ya askari huyu, kuna hatari gani?

Ndiyo maana risasi ya polisi haiwezi kuwa adhabu. Na kwa mtoto jambo hili lina uzito wa pekee ambao wengi hawaujui. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inakataza kumhukumu kifo mtu ambaye alikuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Kijana wa miaka 17 akiua kwa kukusudia, akashtakiwa Mahakama Kuu, mashahidi wakasikilizwa, ushahidi ukakamilika bila tone la shaka, jaji hana mamlaka ya kutamka kwamba anyongwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakwenda mbali zaidi, inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Sasa kama jaji mwenye joho, wazee wa baraza na miezi ya kutafakari hawezi, koplo mwenye bunduki kwenye kona ya giza anaipata wapi ruhusa hiyo? Haipati popote. Anayo ruhusa nyingine kabisa: ya kuzuia shingo ya mtu isikatwe.

Na ruhusa hiyo ya pili tuiheshimu. Mwaka 1983 askari mmoja wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, alichapisha makala iliyosomwa sana na polisi wa nchi nyingi. Alikuwa amepima muda: mtu mwenye kisu aliyesimama umbali wa futi 21, yaani mita 6 na ushei, anaweza kukufikia kwa takriban sekunde moja na nusu. Huo ndio muda ambao askari aliyefunzwa anauhitaji kuchomoa bastola na kulenga. Weka panga badala ya kisu, weka usiku, weka vijana watano badala ya mmoja. Askari aliyesimama hapo hana nafasi ya kuuliza cheti cha kuzaliwa. Panga la mtoto wa miaka 15 linakata sawasawa na la mtu mzima, na askari akifyatua risasi kumwokoa mama anayeshambuliwa, mimi nitakuwa wa kwanza kumtetea.

Lakini hiyo ni sekunde moja na nusu. Mjadala wetu wote mitaani, vijiweni na bungeni umejibana ndani ya sekunde hiyo, kana kwamba askari alishushwa kutoka mbinguni akajikuta mita sita mbele ya panga. Hakushushwa. Alifika na gari, alitumwa na mtu, alikuwa na wenzake au hakuwa nao, alikuwa na vifaa au alikuwa na bunduki tu. Umri wa kijana hauna kazi kubwa ndani ya ile sekunde; una kazi kubwa sana katika dakika ishirini zilizoitangulia, na katika miezi inayofuata.

Chukua mfano wa kubuni. Saa tatu usiku, karibu na Soko la Majengo, vijana sita wanapora simu na kutishia watu kwa mapanga. Mwenyekiti wa mtaa anapiga simu kituoni. Difenda inafika kwa kasi, king'ora kinalia, askari wanne wanaruka chini na kuwakimbilia. Ndani ya sekunde kumi wamejiweka wenyewe katika umbali ule wa Tueller, na sasa hawana la kufanya ila kufyatua. Wangesimamisha gari mita thelathini nyuma, wakalitumia kama ngao, wakawasha taa, mmoja akazungumza kwa kipaza sauti huku wengine wakifunga njia mbili za kutokea, hao sita wangebaki na chaguo moja gumu badala ya mapigano. Wengi wangetupa mapanga na kukimbia. Baadhi wangekamatwa kesho kwa majina, maana mtaani wanajulikana. Mama zao wanajulikana. Watoto wakiwa kundini huwa majasiri kwa ajili ya kutazamwa na wenzao, na ujasiri huo hupungua haraka wakipewa muda na nafasi ya kuondoka bila aibu. Mwalimu yeyote wa sekondari atakwambia hivyo bila kusoma saikolojia. Hata polisi wa Marekani waliokuwa wakifundishwa futi 21 kama amri ya kufyatua, wengi siku hizi wanafundishwa kinyume chake: ukiuona umbali unapungua, uongeze.

Vifaa navyo vina lake. Tunapenda kusema polisi watumie mabomu ya machozi badala ya risasi, kana kwamba bomu la machozi ni maji ya baraka. Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu hilohilo lililofyatuliwa karibu mno na mwili wake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari aliyelifyatua kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Hukumu ile ni ya kukumbukwa kwa sababu mbili: inaonyesha kuwa kifaa kisichokusudiwa kuua huua kikitumiwa vibaya, na inaonyesha kuwa sheria zetu zikitaka kumfikia askari, zinamfikia. Mwaka 2018 mambo yalikwenda vingine. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ndani ya daladala jijini Dar es Salaam aliuawa kwa risasi wakati polisi wakitawanya waandamanaji ambao yeye hakuwa mmoja wao. Jalada likafungwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa maelezo kuwa haikuweza kujulikana nani hasa alifyatua. Hata risasi inayopigwa juu kutawanya watu hushuka mahali. Katika mtaa wa nyumba za kubanana kama Chang'ombe yetu ya Dodoma, mahali hapo ni kitandani kwa mtu.

Kuna kesi ya nje inayostahili kusomwa na kila kuruta. Usiku wa Oktoba 3, 1974, mjini Memphis, jimbo la Tennessee, askari aliitwa kwenye nyumba iliyovunjwa. Nyuma ya nyumba alimmulika kwa tochi kijana aliyekuwa ameinama kwenye uzio. Aliona uso wake, aliona mikono yake, na baadaye alikiri mahakamani kuwa alikuwa karibu na uhakika kwamba hana silaha. Akamwamuru asimame, kijana akaanza kuparamia uzio, askari akampiga risasi kisogoni. Edward Garner alikuwa na miaka 15, na alikutwa na dola kumi na pochi. Sheria ya jimbo ilikuwa inaruhusu kabisa: mwizi anayekimbia alipigwa risasi. Baba yake alifungua kesi, na Machi 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji sita kwa watatu, kuwa mtu asiye na silaha na asiye hatari kwa wengine hauawi kwa sababu tu anakimbia. Ilichukua zaidi ya miaka kumi, na haikumrudisha mtoto. Lakini kuanzia hapo maneno “alikuwa anakimbia” hayakutosha tena kuwa jibu.

Kwetu, jibu linalotosha bado ni fupi. Taarifa husema watuhumiwa walianza kuwashambulia askari, askari wakajibu, na majeruhi wakafariki njiani kupelekwa hospitali. Huenda kila neno ni kweli. Tatizo ni kwamba anayelisema ni upande mmoja wa tukio, na baada ya hapo gazeti linafungwa. Tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, inayotaka vifo vya ghafla, vya nguvu na vya mikononi mwa dola vichunguzwe, na hakimu anaweza kukaa hadharani akasikiliza mashahidi bila kumshtaki mtu yeyote. Ni chombo cha upole, hakimtii askari pingu. Kinauliza tu nini kilitokea. Nashangaa kwa nini tunakisikia kwa nadra namna hii. Askari aliyefyatua kihalali ndiye angefaidika nacho kuliko wote, maana angetoka pale jina lake likiwa safi mbele ya majirani wa marehemu. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye makao yake hapa hapa Dodoma, inaweza kuchunguza malalamiko, lakini ina mzigo wa wizara na halmashauri zote za nchi. Wakenya waliunda mamlaka huru ya kusimamia polisi mwaka 2011, na sheria yao inataka kila kifo kilichosababishwa na askari kiripotiwe huko. Haijakomesha mauaji; video ya Eastleigh ya mwaka 2017, ya kijana akipigwa risasi akiwa amelala chini mbele ya umati, Wakenya hawajaisahau. Ila mamlaka hiyo ilichunguza, na faili likafika mahakamani kwa shitaka la mauaji.

Wanaosema uwajibikaji wa namna hiyo ni mambo ya kuiga kwa wageni wakumbuke yaliyotokea katika nchi yetu hii. Mwaka 1976, katika operesheni ya kuwasaka wauaji wa vikongwe mikoa ya Shinyanga na Mwanza, watuhumiwa waliteswa na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Watuhumiwa wale hawakuwa na watetezi. Walishukiwa kuua bibi zetu. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu, ingawa hakuna aliyesema kuwa yeye binafsi alimgusa mtu. Waziri huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, na miaka minane baadaye nchi ilimfanya Rais.

Limebaki suala la kijana ambaye hakuuawa. Tuseme wale sita wa Majengo wamekamatwa wazima, watatu wana miaka chini ya 18. Sheria ya Mtoto haitaki walale selo moja na watu wazima, inataka wazazi waitwe na kesi iende mahakama ya watoto. Wakipatikana na hatia, shule ya maadilisho ni Irambo, Mbeya, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Kati ya mahabusu ya kituo na Irambo kuna nini? Wiki ijayo tutaanzia hapo, kwenye dawati la jinsia na watoto, na kwa ofisa ustawi wa jamii ambaye huitwa usiku bila nauli.