Unga wa Kupunguza Maji au Mfuko wa Saruji?

Zege likianza kuwa zito kwenye koleo, fundi haulizi mtu. Anachota nusu ndoo ya maji na kumwagia. Nimeliona hilo Makambako, mkoani Njombe, jirani akimwaga jamvi la nyumba yake, na hakuna aliyeshtuka. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo yake. Nusu ndoo ya ziada inakufikisha lita 35, na hapo theluthi nzima ya nguvu ya zege inaweza kupotea, wakati saruji umeshailipia.

Dawa ya kupunguza maji imetengenezwa kwa ajili ya hapo. Chembe za saruji zikilowa hugandana na kufungia maji katikati yake. Dawa inazitawanya, maji yanaachiwa, zege linalainika bila ndoo ya pili. Ila swali la mwenye nyumba ni kama inamlipa.

Tuseme saruji ni shilingi 18,000 kwa mfuko (weka bei ya dukani kwako) na kazi yako ni ya mifuko 40. Unga wa nafthalini, aina mojawapo ya dawa hiyo, ukikupunguzia maji kwa asilimia 10, unaweza kupunguza saruji kwa kiasi hicho hicho na nguvu ikabaki ile ile: mifuko minne, shilingi 72,000. Mifuko 36 iliyobaki, kwa gramu 250 kila mmoja, inakula kilo tisa za unga. Gawanya: shilingi 8,000 kwa kilo. Ukiuziwa juu ya hapo, na nauli ukiihesabu, kwa kuokoa fedha tu nunua saruji.

Kuna dawa ya maji na ya unga. Dumu la lita 20 la dawa ya nafthalini kwa kawaida lina kama kilo tisa na nusu tu za dawa yenyewe. Iliyobaki ni maji, na maji Njombe hayahitaji kusafirishwa zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam. Kwa nauli, unga unashinda. Ubaya wake ni unyevu: mfuko wa kilo 25 ukitumia kilo tisa, kisha ukaacha mdomo wazi masika nzima, utakuta mabonge.

Aina nayo ina maana yake huku kwetu. Liginosulfoneti, ya kahawia, hutokana na mabaki ya kutengeneza rojo la karatasi kwa njia ya salfaiti (kiwanda cha karatasi cha Mgololo, licha ya paini zote zile, hutumia njia nyingine). Inatosha gramu 100 hivi kwa mfuko, lakini inachelewesha zege kushika. Juni na Julai Njombe, baridi yenyewe inachelewesha vya kutosha. Fundi ataitazama lenta siku ya pili bado laini, na mbao za kukodi zinaendelea kuhesabiwa. Miezi hiyo ningechukua nafthalini, au saruji ya 42.5 badala ya 32.5 na kuachana na dawa kabisa. Polikaboksileti ina nguvu kuliko zote, ila mchanga wenye udongo unaimeza, na kijiko kimoja cha ziada kinageuza zege kuwa uji.

Kijiko chenyewe ndicho tatizo. Gramu 250 hazipimwi kwa kiganja. Pima kwa mizani, koroga kwenye maji kidogo hadi iyeyuke, umimine kwenye zege likiwa limeshalowa. Na dukani usiseme tu “dawa ya zege”, maana unaweza kupewa unga wa kuzuia maji yasipenye ukutani, ambao ni kitu kingine kabisa. Soma mfuko: aina, kipimo kwa kilo 100 za saruji, tarehe ya kutengenezwa. Ukifunguliwa mfuko usio na maandishi ukapimiwa kwa kikombe, rudisha fedha mfukoni.

Jamvi la jirani lilikuwa la mifuko 40 hasa. Hakununua unga, mwishowe alinunua ndoo ya pili, akaichora alama ya lita tano kwa rangi nyekundu, akasimama nayo mwenyewe.